New York Anime Festival haikukosa watu, ilimezwa

Wiki iliyopita mpwa wangu karudi kutoka Anime NYC, tamasha la mashabiki wa anime (katuni za Kijapani) pale New York, beji bado iko shingoni, sauti imekauka kwa kupiga kelele siku tatu, akakaa kwenye kochi akaanza kunisimulia kila kitu alichokiona, na katikati ya stori akasema, "Pole sana mjomba, nyie enzi zenu New York hamkuwa na kitu cha anime kabisa." Hakuwa na nia mbaya. Lakini iliniuma, tena sana. Nikaingia chumbani, nikatoa boksi la viatu juu ya kabati, nikamwekea mezani beji yangu ya New York Anime Festival ya mwaka 2009. Akaigeuza mbele nyuma, akaniuliza, "Hii ni nini?"

Hilo swali ndo limenikalisha hapa usiku huu. Mtoto anayepanga foleni kwenye jengo lilelile, mji uleule, hajui kama sisi tulikuwepo.

Kabla yetu kulikuwa na Big Apple Anime Fest, ilianza 2001, miaka yake ya mwisho ikawa pale Times Square, na baada ya 2003 basi, kimya. Ukitaka kukaa na wenzako unapanda basi unaenda mji mwingine, Baltimore, kwenye tamasha la anime la Otakon. Mji wenye watu milioni nane na hakuna wikendi hata moja yetu! Ndo maana Desemba 2007 iliposemwa kuna tamasha la anime, hilo New York Anime Festival, linafanyika Javits Center, jengo kubwa la maonyesho, wengine hatukulala.

Na Javits ya enzi hizo haikuwa ya kushuka kwenye treni ukaingia ndani. Treni namba 7 ilifika huko 2015. Sisi tulishuka Penn Station tukatembea kwa miguu mpaka Eleventh Avenue, upepo wa mto Hudson unakupiga usoni, mwezi wa kumi na mbili, na nusu ya watu wamevaa mavazi ya wahusika wanaoishi kwenye joto. Kuiweka Desemba lilikuwa kosa, na mwaka uliofuata wakaihamishia Septemba.

Sasa 2009. Huo ndo mwaka nilionao moyoni. Gundam, katuni maarufu ya roboti, ilikuwa inatimiza miaka 30 na aliyeiumba, Yoshiyuki Tomino mwenyewe, alikuja kama mgeni wa heshima. AKB48, kundi la wasichana waimbaji, walitoka Tokyo wakaimba ukumbi wa Webster Hall wikendi hiyohiyo. Watu walipita 20,000. Lakini nikikuambia ninachokikumbuka zaidi sio Tomino wala AKB48. Kulikuwa na binti mmoja, simjui jina mpaka leo, alikuwa ametengeneza mabawa ya maboksi na manyoya ya karatasi, makubwa kuliko yeye, na upepo wa pale nje ukayavunja bawa moja katikati kabla hajaingia. Aliingia analia. Akakaa chini kwenye ule ukumbi wa mbele wenye vioo, na ndani ya dakika tano walikuwa wamemzunguka watu kama kumi na wawili wasiojuana, huyu ana selotepu, huyu ana waya, huyu kafungua begi katoa gundi, jamaa mmoja mtu mzima kabisa kavua mkanda wake wa suruali ili ushikilie bawa kwa nyuma. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika mkasi. Tulikaa pale karibu saa nzima, kuna vitu nilivyolipia tiketi kuviona vikanipita, na sijawahi kujuta.

Hicho ndo kitu ambacho mtu akiniambia "tamasha halikufa, liliungana tu na New York Comic Con" nashindwa kumvumilia. Comic Con, tamasha la vitabu vya katuni na mashujaa wa Marekani, ilikuwa inafanyika mwanzoni mwa mwaka, Februari, mara moja Aprili. Sisi tulikuwa na msimu wetu wa vuli. Waandaaji wa matamasha yote mawili walikuwa walewale, na mwaka 2010 Comic Con ikahamishwa ikaletwa Oktoba, na sisi tukawekwa humohumo, siku zilezile, jengo lilelile, tiketi moja. Jumla ya watu ilifika karibu 96,000. Fikiria hesabu hiyo kama mtu aliyekuwa pale, sio kama mwenye kuuza tiketi. Mwaka mmoja nyuma kila mtu uliyegusana naye bega alikuwa amekuja kwa ajili ya kitu kilekile unachokipenda wewe, ukivaa mhusika asiyejulikana kabisa bado mtu wa tatu anakuita kwa jina la mhusika. Mwaka unaofuata umezungukwa na bahari ya watu wazuri tu, wapole tu, waliokuja kuangalia mashujaa wa Marekani, na wewe na wenzako mmetawanyika humo ndani. Hakuna aliyewafukuza, ila hamwonani. Binti wa mabawa angekaa chini pale 2010 angekanyagwa, na wenye selotepu wangekuwa mbali wanasukumana hawajui kama kuna mtu analia.

2011 ikarudiwa hivyohivyo, watu zaidi ya laki moja. 2012 jina likaondolewa kabisa. Miaka mitano tu, 2007 mpaka 2011, na kwa hesabu yangu mimi ni mitatu, kwa sababu ile miwili ya mwisho tulikuwa tunaishi kwa watu.

Nakubali, tena kwa shida, kwamba hela ilikuwa mbaya. Geneon iliacha kuuza DVD Marekani 2007, miezi michache kabla ya tamasha letu la kwanza. 2009 Central Park Media ya hapohapo New York ikafilisika, na ADV Films ikafunga mwaka huohuo. Tokyopop ikafunga uchapishaji wake wa Marekani 2011. Hao ndo waliokuwa wanakodi mabanda, na mabanda ndo yanalipa ukumbi. Sawa. Sibishi.

Lakini waliokuwa wanakufa ni wauza DVD, sio mashabiki! Crunchyroll, tovuti ya kuangalia anime, ilibaki na anime za leseni halali tu kuanzia Januari 2009, nyingine saa chache baada ya kuonyeshwa Japani, na watoto walikuwa wanaongezeka kila mwezi. Na Otakon? Soko lilelile, miaka ileile, kampuni zilezile zinafilisika, na ipo mpaka leo, imehamia tu Washington mwaka 2017. Inaendeshwa na mashabiki wanaojitolea tangu 1994. Wao mabanda yakipungua hawana mahali pa kuwahamishia watu wao, inabidi wakae wapambane.

Halafu angalia kilichotokea 2017. Anime NYC inaanzishwa na Peter Tatara, ambaye huko nyuma alifanya kazi kwenye tamasha letu hilohilo, inafanyika Javits hiyohiyo, na mwaka wa kwanza tu wanakuja watu zaidi ya 20,000. Ni kama idadi yetu ya 2009. Walikuwepo muda wote! Vuli tano zimepita bila wao kuwa na pa kukutania, na mtoto aliyekuwa na miaka 13 tamasha lilipofutwa alikuwa na 18 liliporudi lingine. Huo umri wote, ambao ndo unamhitaji mtu wa kukushikia mkasi kuliko umri mwingine wowote, umepita hivihivi. Hii ndo hasira yangu na sitaki kuipunguza.

Anime NYC naipenda, namlipia mpwa wangu tiketi kwa moyo mmoja, na kuihamishia Agosti tangu 2024 wamefanya vizuri, angalau mabawa ya watu hayakutani na baridi.

Nilimweleza yote haya, nadhani niliongea mpaka saa sita usiku. Hakunikatiza. Mwisho akachukua ile beji, akaishika muda, akaniuliza kitu kimoja tu.

"Yule dada, bawa lilishika?"

Lilishika. Alizunguka nalo mpaka jioni, na mkanda wa yule jamaa.