Bathdei ya Mtoto, Ratiba ya Harusi

Jumamosi iliyopita nilialikwa bathdei ya mtoto anayetimiza miaka minne, ukumbini, Mbezi Beach. Kadi ilisema saa kumi jioni. Mshereheshaji alishika maiki saa moja na nusu usiku, na neno lake la kwanza likawa kuwaomba wazazi wawarudishe vitini watoto wanaokimbiakimbia ili itifaki izingatiwe. Itifaki! Mwenye siku yake alipoingia na wasindikizaji waliovaa sare, wimbo ukitikisa vioo, alikuwa amebebwa begani na baba yake, taji limemshukia puani, usingizi umeshamchukua.

Halafu tukaambiwa tusimame tumpigie makofi.

Naomba niseme bila kuzunguka: hizi tunazofanya si bathdei za watoto. Ni harusi ambazo bibi harusi ana meno ya maziwa. Meza kuu ipo. Kamati ipo, nayo ina mweka hazina. Ikaingia familia ya upande wa baba, ikaingia ya upande wa mama, wakatambulishwa wafanyakazi wenzake mama, majirani wa zamani, kikundi cha vikoba. Ikafunguliwa shampeni isiyo na kilevi. Ikakatwa keki, na kila shangazi akaitwa kulishwa, apigwe picha, arudi akicheza. Baadaye zawadi, kundi kwa kundi, kila kundi na wimbo wake. Chakula? Chakula ni mwisho, kwa sababu ambayo kila mwanakamati anaijua na hakuna anayeisema: watu wakishakula wanaondoka, na zawadi zinaondoka nao.

Kwa harusi sina neno. Mtu mzima anajua kula chapati mbili nyumbani kabla hajavaa suti. Mtoto wa chekechea hajui. Tangu saa kumi amepewa soda, pipi na vikaratasi vya bisi, amevalishwa gauni linalomwasha shingoni, na saa tatu usiku ndipo anawekewa sahani ya pilau akiwa hana hata nguvu ya kushika kijiko. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, zikiwemo zile za mchana. Sisi saa ya kulala tumeifanya saa ya kupeana zawadi, kisha anapolia tunasema mtoto huyu ana deko. Jumamosi niliona viti vya plastiki vimeunganishwa nyuma ya ukumbi, wadada wa kazi wamelaza watoto juu yake kwa kanga. Ukitaka kujua sherehe ni ya nani, angalia nani yuko macho.

Na hilo pilau limeiva saa ngapi? Mpishi wa kukodi hupika mapema kwa sababu ana kazi nyingine jioni hiyohiyo. Wali na nyama vinakaa saa nyingi kwenye vyungu, moto hauko chini, na kuna vijidudu vya kwenye wali ambavyo sumu yake hata ukipasha moto upya haitoki. Kanuni ni ndogo tu: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, au kibaki na moto wa nyuzi 60 kwenda juu. Kila mtu ameuliza rangi ya mapambo. Hili nani aliuliza?

Tena mapambo ndiyo yanayotuchelewesha. Wenye kumbi wanakodisha ukumbi huohuo asubuhi kwa semina au ibada, mpambaji anaingia saa nane, ana tao la maputo la kujaza, ana pazia la kuning'iniza, umeme ukizingua basi. Saa kumi wageni wanamkuta juu ya ngazi. Mama mwenye sherehe naye yuko saluni, anapiga simu kuuliza kama maputo ya dhahabu yamefika.

Jibu langu ni asubuhi. Saa nne hadi saa saba mchana, basi. Mtoto ameamka vizuri, amekunywa chai, ana hamu ya kucheza. Waingie moja kwa moja kwenye michezo, keki ikatwe katikati watoto wakiwa bado wana sauti ya kuimba, wali ukiiva unapakuliwa, saa nane kila mtu yuko njiani kabla foleni ya Mwenge haijakaza. Ukumbi uliokaa wazi asubuhi utapunguziwa bei ukijua kubembeleza. Najua mtanijibu: Jumamosi wengine wako kazini, Wasabato wako ibadani, Jumapili makanisa yamejaa. Sawa, mko sahihi. Basi anzeni saa nane mchana na mmalize jua likizama. Sherehe ya mtoto kuvuka magharibi haina utetezi.

Kuhusu spika sitaongea sana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka kikomo cha wastani wa desibeli 100 kwa kumbi za muziki, yaani sehemu za watu wazima wanaojua wanachofuata. Sisi "watoto wakae mbele", hatua mbili kutoka kwenye spika yenye urefu wa baba zao.

Ila yale majumba ya kujaza upepo ya kurukia yananitia hofu ya kweli, hasa kwenye kumbi za pwani, upepo wa kusi unapovuma mwezi wa saba. Desemba 2021, kwenye shule moja ya msingi mjini Devonport, Tasmania, Australia, upepo ulinyanyua jumba kama hilo watoto wakiwa wanacheza. Sita walikufa. Viwango vya Ulaya vinataka lisitumike upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa, na lifungwe kwa vigingi angalau sita. Juzi lilifungwa kwa kamba moja kwenye mti wa mkungu na nyingine kwenye bampa la Noah. Msimamizi wake alikuwa kwenye simu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hili likinyanyuka?" Akacheka: "Dada, hili zito."

Nakubali, shingo upande, kwamba kukodi ukumbi kuna maana. Ukiwa na vyumba viwili Sinza na uwanja unaotosha pikipiki moja, watoto arobaini utawaweka wapi? Na choo cha ukumbini hakikufanyi uaibike. Kuhusu michango, singo elfu hamsini na dabo laki moja kwa bathdei ya mtoto, nitanyamaza kwa sababu shemeji yangu yuko kwenye kamati.

Kwa hiyo mnaopanga za Desemba, kabla hamjalipa advansi, mwambieni mwenye ukumbi mnataka asubuhi, aandike kwenye risiti, na mapambo yafungwe usiku wa Ijumaa. Mshereheshaji mwacheni alale, jioni ana harusi.