Maganda ya Ndizi Yaanzie Kwenye Kiriba

Ikifika saa nne asubuhi, ndoo ya mama lishe wa mtaani kwetu imeshajaa maganda ya ndizi mbichi. Ukiyashika, utomvu unakuganda vidoleni na kuacha doa jeusi. Humo mna wanga, mwingi kuliko wa ganda la ndizi mbivu, kwa kuwa ndizi ikiiva wanga hugeuka sukari. Wanga huo unaweza kuwa malighafi ya plastiki.

Elif Bilgin wa Uturuki alitambuliwa kimataifa mwaka 2013, akiwa na miaka 16, kwa kutengeneza plastiki ya maganda ya ndizi. Ilimchukua miaka miwili. Mara nyingi ilitoka dhaifu au ikaoza upesi.

Nami nilijaribu jikoni. Nikachemsha maganda, nikayasaga, nikatia siki na gliserini kidogo, nikautandaza uji ule kwenye sinia na kuuanika. Siku ya tatu nikabandua kipande cha kahawia kinachokunjika kama ngozi. Nikakiloweka. Kabla ya magharibi kilikuwa kimelegea, ukikigusa kinachanika.

Wapo watakaosema basi, haifai. Mimi nasema tumekosea pa kuanzia. Kila anayezungumzia plastiki ya matunda anawaza mfuko wa sokoni, wa kubebea samaki wanaochuruzika maji. Kwa nini tusianze na kiriba, kile kimfuko cha kuoteshea miche kitaluni?

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vya kilimo viliachwa. Kwa hiyo viriba vyeusi vimejaa vitaluni hadi leo. Siku ya kupanda unakichana kwa wembe, polepole, bonge la udongo lisivunjike ukakata mizizi. Kisha kiriba kinatupwa palepale, na msimu ujao jembe linakifukua kikiwa vilevile.

Kiriba cha maganda hakichanwi. Kinaingia shimoni pamoja na mche. Ule unyevu ulioharibu kipande changu, shambani ndio tunaoutaka. Kazi iliyobaki, na si ndogo, ni kukifanya kistahimili kumwagiliwa wiki kadhaa hadi mpapai uwe tayari kuhamishwa. Natamani sana watafiti wetu wa kilimo waishike kazi hii kwa mikono miwili.

Nimeshamwomba mama lishe anitengee maganda yake, yasichanganyike na chupa wala makaratasi. Amekubali. Jumamosi nitajaribu tena, safari hii nikichanganya nyuzi za mgomba.