Nodi ijiwashe upya yenyewe, au imsubiri fundi?

Kituo cha hali ya hewa kikikwama Moroto, fundi aliye Kampala ana zaidi ya kilomita 400 za barabara kabla hajabonyeza kitufe. Ndiyo maana watengenezaji wa nodi za sensa zisizotumia waya, yaani vifaa vidogo vinavyopima na kutuma data kwa redio, huipa mikrokontrola (chipu inayokiendesha kifaa) uwezo wa kujiwasha upya kwa programu. Wapinzani wao husema huko ni kufunika kasoro badala ya kuitafuta. Wote wana hoja, ila hazina uzito sawa.

Uganda mjadala huu si wa vitabuni. Mradi wa WIMEA-ICT, ulioshirikisha Makerere na Chuo Kikuu cha Bergen, ulijenga vituo ambavyo nodi zake huzungumza kwa redio. Nodi za aina hiyo huishi mlingotini kwa sola na betri ndogo, na hakuna programu isiyokwama kamwe. Mwaka 1997 chombo cha Mars Pathfinder, kilichotua kwenye sayari ya Mars, kilijiwasha upya tena na tena kazi muhimu ilipochelewa, kikaendelea kufanya kazi. Huko hakuna boda ya kumpeleka fundi. Lakini wahandisi hawakuridhika na kuwashwa upya: waliizalisha hitilafu hiyo kwenye nakala ya chombo iliyobaki duniani, wakagundua kazi ndogo iliyokuwa ikiizuia kazi muhimu, wakarekebisha programu.

Namna ya kuwasha nayo ina mitego. Wapo wanaoirusha programu hadi anwani sifuri, yaani mwanzo wake kwenye kumbukumbu; inaanza upya kweli, lakini rejista (vijisanduku vya mipangilio ndani ya chipu) na taima hubaki na hali yao ya zamani. Kwenye mikrokontrola ya ATmega328P njia safi ni kuiwasha wochidogi, saa ya ndani inayoiwasha chipu upya programu isipoirudisha mwanzo kwa wakati, kwa takriban milisekunde 16, kisha kuiacha programu izunguke bure hadi muda uishe. Chipu ikishaamka, wochidogi bado inahesabu kwa muda mfupi kabisa, na isipozimwa mwanzoni mwa programu, nodi itajiwasha upya bila kikomo. Tena sensa iliyo nje ya chipu haina habari kwamba kuna aliyezaliwa upya. Ikiwa imeushikilia chini waya wa data wa I2C (njia ya nyaya mbili inayounganisha chipu na sensa), itaendelea kuushikilia, na hapo dawa ni kuipelekea mapigo tisa ya saa au kuikatia umeme kwa transista inayotumika kama swichi.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani, kwa maoni yangu, iko kwenye kipimamvua. Chukua nodi iliyo kando ya mto Nyamwamba, Kasese, uliofurika vibaya Mei 2020. Kijibakuli cha kipimamvua hupinduka kila milimita 0.2 ya mvua na hesabu hukaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda. Mawingu yameififisha sola, redio inapotuma volti zinashuka, chipu inajiwasha upya katikati ya mvua, na hesabu inarudi sifuri. Kinachofika Kampala ni nambari halali kabisa: mvua haikunyesha. Nodi iliyonyamaza ingalau ingemshtua mtu.

Hata hivyo, hilo si sababu ya kuikataza nodi kujiwasha. Hesabu inaweza kuandikwa kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, inayostahimili kuandikwa mara 100,000. Penye mvua ya milimita 1,200 kwa mwaka, mapinduko ni 6,000, yaani EEPROM itadumu zaidi ya miaka 15. Rejista ya MCUSR ndani ya chipu nayo hueleza kama chanzo cha kuwashwa upya kilikuwa umeme kurudi, kitufe, volti kushuka au wochidogi, mradi isomwe mapema na kufutwa. Kama ni volti, nodi ilale saa kadhaa, maana kuamka haraka kunaimalizia betri.

Mimi ningeikataa nodi yoyote isiyotuma chanzo hicho pamoja na idadi ya kuwashwa upya katika kila ujumbe. Nimesikia ikidaiwa kwamba nyongeza hiyo inakula betri. Ni baiti mbili. Redio za 802.15.4, kiwango cha redio za nodi kama hizi, kwa kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde, huzituma kwa mikrosekunde 64.