Mama wa Iringa hajakosa elimu, amekosa masaa matatu ya kuchemsha maharage

Jamani kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, sitasema ni ya nani wala ya kikao gani, mheshimiwa mmoja kashika kipaza sauti anawasema akina mama wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini kwamba eti wamezungukwa na chakula pande zote ila watoto wao wamedumaa kwa sababu mama zao ni wavivu na hawajui kulisha, kwahiyo wapewe elimu. Ukumbi ukapiga makofi. Mezani mbele yake kuna maji ya chupa na sahani ya korosho. Kwenye grupu letu la ukoo watu wakacheka weeee, na baba mdogo wangu mmoja akaandika "kweli kabisa". Baba mdogo shikamoo, nakuheshimu sana, ila wewe tangu uzaliwe hujawahi kuchemsha maharage hata siku moja.

Na mimi siukatai ukweli. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha Iringa watoto chini ya miaka mitano waliodumaa ni karibu asilimia 57, Njombe na Rukwa wako kwenye 50 hivi, wakati nchi nzima ni 30. Hiyo hiyo mikoa ya mahindi, viazi, maharage, maziwa, maparachichi yanayopanda meli kwenda kuliwa na watoto wa wenzetu. Aibu ipo, tena kubwa. Ila swali la "kwanini" limejibiwa haraka mno, na limejibiwa na watu ambao jioni wanakaribishwa mezani.

Elimu gani hasa ambayo hatuna? Nenda kliniki yoyote, picha ya makundi ya chakula iko ukutani, mama yeyote wa Mafinga au Makambako atakutajia yote huku ananyonyesha. Anajua maharage yanajenga mwili. Kayapanda yeye, kayapalilia yeye, kayapiga na fimbo uani yeye, kayapepeta yeye. Unataka kumfundisha nini kuhusu maharage? Mwulize badala yake yanaiva saa ngapi.

Wifi yangu anakaa Temeke, alikuja kututembelea huku Mbeya akasema leo ngoja niwapikie. Akabandika maharage saa nne asubuhi akitegemea saa sita na nusu tunakula. Saa saba kaonja, bado. Saa nane kaonja, bado. Akaanza kuyatukana maharage, eti wakulima wa huku mmelima mawe. Nikamwambia wifi siyo maharage, ni mlima. Mbeya mjini tuko kwenye mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ukipanda juu maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, kule Temeke yanachemka kwenye nyuzi 100 huku kwetu ni kama 94 tu. Unayaona yanatokota, yanarukaruka, yanazima na mkaa, lakini joto lenyewe halifiki la Dar. Na kuongeza kuni hakusaidii kitu, maji yanakauka haraka zaidi basi, unabaki unaongeza maji. Makete ndo usiseme, kule ni juu zaidi na baridi ile ya mwezi wa sita.

Hapo bado hujakutana na maharage ya zamani. Maharage yakikaa sana stoo, hasa penye joto na unyevu, yanakuwa sugu, unaweza kuyachemsha mpaka majirani wakaulizana. Na sokoni wachuuzi wanachanganya ya msimu huu na ya msimu uliopita kwenye sado moja, kwahiyo sufuria moja nusu imekuwa uji na nusu ukiitafuna inagonga. Ukitaka kujua kama yanaelekea kuiva unachota machache na mwiko unayapuliza, ganda likijikunja na kupasuka unapata matumaini, likitulia vilevile unarudisha mfuniko unakaa tena kwenye kigoda. Ya njano yanaiva upesi, kila mtu anajua, ndo maana bei yake iko juu na ndo maana mkulima anayauza yote anabaki na yale mengine.

Sasa chukua sufuria hilo upeleke Mufindi, huko huko Iringa, kwa mama mchuma chai. Namjua vizuri kwa sababu ndiye aliyenizaa. Anatoka nyumbani bado giza, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa, analipwa kwa kilo kwahiyo akirudi mchana kupika amejikata mshahara mwenyewe. Asubuhi katuachia uji, na uji wenyewe ni unga wa mahindi, maji na chumvi, mwepesi ili utoshe wote. Mchana dada mkubwa (dada mkubwa maana yake mimi, niko darasa la nne) anagawa ugali wa jana uliopoa na mboga kidogo kama ipo. Jioni mama anafika saa kumi na mbili kachoka na mvua imempiga, kuni mbichi, anabandika maharage. Huko juu maharage ya saa kumi na mbili yanaiva saa tatu, yakikupendelea.

Mtoto wa miaka miwili hayupo macho saa tatu. Kashalala. Hiyo ndo habari yote, sijui kwanini inahitaji kongamano. Nakumbuka mama anamnyanyua mdogo wangu kutoka kwenye mkeka, anamkalisha mapajani, anampa tonge la ugali na maharage, mtoto anatafuna mara mbili macho yamefumba, anaachia mdomo wazi na tonge ndani, mama anamtoa lile tonge na kidole asije akakabwa, anamfuta, anamlaza. Halafu sisi wakubwa tunakula maharage. Yaani chakula bora kilipikwa, kipo, kiko mezani, na aliyekihitaji kuliko wote hajala. Kesho yake asubuhi ni uji tena. Tumbo la mtoto dogo, linatakiwa kujazwa kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na hao wanaotusema wanalijua hilo, lakini hawajawahi kuuliza nani atakuwepo nyumbani hizo mara nyingi.

Mtu mvivu haamki saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi ya Mufindi. Sitaki kusikia hilo neno.

Na msidhani ni kijijini tu. Mimi leo niko mjini, nina kazi ya kukaa kwenye kiti, nina gesi, nina friji, na bado maharage nayapanga kama watu wanavyopanga harusi. Jumamosi usiku naloweka, Jumapili nabandika kwenye jiko la mkaa nje kabla ya ibada, nikirudi namalizia, nagawa kwenye vikopo naweka friji, wiki nzima natoa kikopo naunga kitunguu, nyanya, karoti, jioni imeisha. Jumapili nikisafiri au mkaa ukiloa, wiki hiyo nyumbani kwangu ni mayai na dagaa na chipsi za pale kituoni. Watu wanashangaa kwanini Mbeya kila kona kuna kikaango cha chipsi, wanasema ni ulimbukeni wa vijana. Viazi ni vyetu, vinaiva dakika kumi, unataka ulimbukeni gani tena? Mtu anakula kinachoiva kabla hajalala.

Gesi mtaniambia. Mwanamke gani huku anachemsha maharage kwa gesi? Gesi ni ya chai na kupasha, ukiweka maharage unausikia mtungi unapungua. Mkakati wa taifa wa nishati safi unasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, nzuri, naunga mkono, moshi umewaua macho bibi zetu. Ila ile mitungi ya kilo 6 inayogawiwa kwenye mikutano na kupigwa picha, nenda baada ya miezi miwili mitatu uone. Nimeingia nyumba nyingi nikaikuta imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake redio.

Kilichobadilisha nyumba yangu kwa kweli ni sufuria la presha la umeme. Maharage niliyoloweka yanaiva chini ya saa moja, mlima haupo tena, maana mule ndani mvuke unabanwa na joto linapanda kupita lile la maji ya wazi. Umeme wake hata unit moja haifiki, na unit kwa sisi wengine ni Sh 350 hivi, linganisha na kopo la mkaa. Shangazi yangu hataki kulikaribia, anakaa mlangoni anasema hilo litalipuka litaua watu, lakini akisikia limepiga mlio anakuja na bakuli. Tatizo ni bei ya sufuria lenyewe, kwa mchuma chai ni ndoto, na umeme nao unajua wenyewe tabia yake. Sasa hapo ndo nataka mheshimiwa na kipaza sauti chake aseme kitu. Sitting allowance, yaani posho ya kikao, ya ukumbi mzima ule ingenunua masufuria mangapi? Nauliza tu.

Haya, kuna mambo ambayo elimu inatakiwa, nakubali kwa shingo upande. Kuna wanaochemsha mboga mpaka inakuwa nyeusi halafu wanamwaga maji yake. Kuna magadi, yanalainisha maharage lakini yanaharibu vitamini B1, wataalamu wako sahihi kwa hilo, ila ukimkataza mama magadi mletee na mkaa. Kuna uji lishe wa kuchanganya nafaka kumi na mbili kwenye mfuko mmoja, sijui nani aliuanzisha. Mayai tunauza yote, kweli, kwa sababu daftari la shule halinunuliwi kwa yai bovu. Na akina baba mnaopewa finyango kubwa la nyama na firigisi juu yake huku mmepitia kwenye ulanzi, pombe ya mianzi, kwanza, ninyi mbona hamkutajwa kwenye klipu?

Nyumbani kwa bibi yangu upande wa mama ilikuwaje, watu wataniuliza, mbona zamani walikula maharage kila siku. Bibi alikuwepo, ndo jibu. Bibi hakuchuma chai ya mtu. Chungu kilikaa kwenye mafiga tangu asubuhi, moto mdogo tu, yeye yuko hapo hapo anamenya, anashona mkeka, anapigana na kuku, mtoto akilia anachotewa kikombe cha mchuzi na maharage yaliyopondwa. Usiku anafukia chungu kwenye majivu ya moto, asubuhi mnakunywa chai na kande laini. Tukawatoa bibi jikoni, tukawapa mama kazi za kulipwa kwa kilo, kijana ambaye angebaki nyumbani yuko shule, halafu tunashangaa nani kaacha kukoroga sufuria. Sisemi turudi huko, mimi mwenyewe siwezi kukaa kwenye kigoda siku nzima. Nasema kazi ya yule bibi ilikuwa kazi, na hakuna aliyewekwa badala yake.

Kwenye mtaa wetu kuna dada mmoja kajiweka yeye. Anachemsha maharage, ya chumvi tu bila kuungwa, anauza kwa kikombe jioni, unaenda kuunga mwenyewe kwako. Mwanzoni walimcheka sana, na sisi wateja tulichekwa zaidi, eti mwanamke mzima unanunua maharage yaliyochemshwa, mumeo anajua? Mume anajua, na anatumwa yeye. Siku hizi ukichelewa unakuta sufuria tupu. Anasema wateja wake wakubwa ni mama wa vibarua na walimu, na kuna mmoja huwa ananunua nusu kikombe tu, ananunulia mtoto, anayaponda hapo hapo na kijiko mtoto anakula kabla hawajafika nyumbani.

Juzi huyo dada kamuuliza mtu wa ofisi ya kata kuhusu ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, inayotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, anataka sufuria la pili na banda maana mvua inamfukuza. Kaambiwa akaunde kikundi kwanza. Kikundi cha nini, yeye anachemsha peke yake! Tumeanza kumtafutia wenzake, wa mtaa wa pili yupo anayefikiria kuchemsha kisamvu, kwahiyo kama uko maeneo ya Uyole hapa Mbeya na una hamu ya hii biashara niandikie. Wanaotaka maharage tu wawahi kabla ya saa kumi na mbili na waje na bakuli lenye mfuniko, kwenye mfuko yanamwagika.