Maji yameonekana Mirihi, haya fungasheni

Juzi mpwa wangu kanitumia video. Dakika mbili hivi, muziki wa kutisha, sauti nzito ikitangaza kwamba maji yamepatikana sayari ya Mirihi na binadamu wajiandae kuhama. Chini yake kaandika: "Mjomba, tunahama lini?" Nikacheka. Halafu hasira zikanipanda, maana hii ni mara ya ngapi? Maji ya Mirihi hupatikana kila baada ya miaka miwili mitatu, utadhani kuna mtu kazi yake ni kuyafukia tena usiku.

Maji yapo, hilo sibishi. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilitua upande wa kaskazini wa sayari ile, kikachimba mtaro kwa mkono wake wa chuma, na chini kidogo tu ya udongo vikaonekana vipande vyeupe vya barafu, vidogo kama dadu. Picha ikapigwa. Siku nne baadaye ikapigwa nyingine pale pale: vipande havipo. Wala havikuyeyuka. Viligeuka mvuke moja kwa moja vikajiondokea, kwa kuwa hewa ya kule ni nyepesi mno, kanieneo lake halifiki hata asilimia 1 ya hili letu. Hayo ndiyo maji tunayopigiwa ngoma. Ukiyafunua, yanakukimbia.

Na kuna yale yasiyokuwa maji kabisa. Mwaka 1877 mwanafalaki Mwitaliano, Schiaparelli, aliona mistari kwenye Mirihi, Mmarekani Lowell akaja akaifanya mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili, watu wakaamini kwa miaka na miaka. Mwaka 1965 chombo cha Mariner 4 kikapita na kamera: mashimo ya vimondo na vumbi. Mwaka 2015 tukaambiwa michirizi myeusi kwenye miteremko ni maji ya chumvi. Miaka miwili baadaye wengine wakaipima upya wakasema inafanana zaidi na mchanga mkavu unaoporomoka. Video ya hiyo ya pili sijatumiwa na mtu mpaka leo.

Ila kinachonichoma hasa ni huu msemo wa "kuna maji, basi twende". Hebu tuulizane: kule maji tunayatafutia nini? Ni kwa sababu kila kiumbe hai tunachokijua hakiishi bila maji. Kwa hiyo kama Mirihi ina mwenyeji, hata awe kijidudu kisichoonekana kwa macho, tutamkuta penye maji. Na ni pale pale penye maji ambapo walowezi watataka kupiga kambi, maana kubeba maji ya kunywa kutoka duniani ni wazimu. (Neno "walowezi" tunalijua vizuri, tusijifanye tumelisikia leo.) Yaani kama kuna mtu ndani ya ile nyumba, sisi tunapanga kuchimba choo mlangoni kwake kabla hata hatujapiga hodi.

Nanyi mnadhani natia chumvi. Vyombo vya Viking, vilivyotua mwaka 1976 kutafuta uhai, vilipikwa kwanza kwa joto la zaidi ya nyuzi 110 kwa saa nyingi, ili visibebe bakteria wetu. Kigari cha Curiosity, chuma kitupu, kilipokuwa kinaelekea karibu na michirizi ya aina ile iliyokuwa ikishukiwa kuwa na maji, wataalamu walikaa kujadili kama kikae mbali, kwa kuwa hakikusafishwa kufikia kiwango cha kugusa mahali kama hapo. Chuma! Sasa mpeleke mtu. Mtu ana matrilioni ya bakteria tumboni, mdomoni, kwenye ngozi. Anapiga chafya, anakwenda haja, vazi lake linavuja. Humpiki mtu kwa nyuzi 110. Mkataba wa anga wa mwaka 1967 unazitaka nchi zisichafue sayari nyingine, na sijui wanaochora miji ya vioo kule wameusoma lini.

Fikiria basi miaka 30 baada ya kambi ya kwanza mtu anachimba, anakuta kijidudu hai. Shangwe dunia nzima. Ni cha Mirihi au kilishuka na buti la mtu? Swali ambalo wanadamu wamelibeba tangu waanze kutazama nyota, kwamba tuko peke yetu au la, tutakuwa tumelichafua wenyewe, na hakuna sabuni ya kulirudisha lilivyokuwa.

Wakati huo huo, mwaka 2024 kigari cha Perseverance kilitoboa jiwe lenye madoa kama ya chui katika bonde la mto wa kale uliokuwa ukiingia shimo kubwa la Jezero. Wanasayansi wenyewe wanasema kwa tahadhari: huenda ni alama ya uhai wa zamani, huenda ni kemia tu. Kipande kimefungwa ndani ya mrija, na mpango wa kukileta maabara za duniani umekwama kwenye ugomvi wa bajeti. Pesa za ndoto za miji hazikosi wa kuzitetea. Za kuleta mrija mmoja wa mawe, kila mtu anakohoa.

Haya, nikubali kidogo, kwa shingo upande. Mwanajiolojia mwenye nyundo angefanya kwa wiki kazi ya vigari kwa miaka. Kigari cha Opportunity kilihitaji miaka 14 kutembea kilomita 45. Na kile kimashine cha MOXIE kweli kilitoa oksijeni kutoka hewa ya Mirihi: gramu 122 kwa majaribio yake yote, ambazo mtu mmoja hazimfikishi nusu siku. Mionzi na udongo wenye sumu sivigusi hata. Mwaka 1991 watu 8 walijifungia kwenye jumba la vioo la Biosphere 2 Arizona, Marekani, kujaribu kuishi bila kutegemea nje, oksijeni ikawapungukia mpaka ikabidi wapulizie nyingine kutoka nje. Nje kulikuwa na Marekani nzima.

Mpwa wangu sikumwandikia yote haya. Nilimtumia zile picha mbili za mtaro wa Phoenix, ya kwanza na ya siku nne baadaye. Kakaa kimya kama robo saa, kisha kajibu: "Sasa ile barafu imekwenda wapi?"