Mifuniko Ipo, Makopo Hayapo

Ukija kwangu Tabata, fungua mlango wowote unaoutaka. Fungua friji, fungua kabati la nguo, hata sanduku la hati ya kiwanja nitakufungulia mwenyewe. Lakini lile kabati la jikoni, la chini, mkono wa kushoto wa sinki, liache. Lile halifunguliwi na mtu mmoja. Mmoja anafungua, mwingine anaweka goti kuzuia.

Mle ndimo yanamokaa makopo yetu ya plastiki. Ya duara, ya mraba, marefu ya kuwekea tambi, mengine yalinunuliwa yakiwa yanaonyesha ndani, sasa yana rangi ya mchuzi wa mwaka juzi. Na mifuniko. Mifuniko ni mingi kuliko makopo, na ukihitaji mmoja, yote inakuwa ya kopo jingine.

Juzi nilitaka kufunika maharage yaliyobaki. Kazi ya dakika moja, au sivyo? Nikachukua kopo la mraba, nikachukua mfuniko wa mraba. Kona ya kwanza nikabana, ka! Ya pili, ka! Ya tatu, ka! Nikatabasamu peke yangu. Nikabana ya nne, ya kwanza ikainuka. Nikairudia ya kwanza, ya tatu ikaachia. Nikalizunguka lile kopo, kona hadi kona, mpaka maharage yakapoa na mimi nikatoka jasho. Mama Zawadi akapita nyuma yangu, wala hakusimama, akasema:

"Huo ni wa lile la bluu, Baba Zawadi."

"La bluu liko wapi?"

"Si liko kwa dada yako Kimara tangu Pasaka."

Sasa hebu niambieni. Kopo liko Kimara, mfuniko uko Tabata, na mimi nimesimama katikati na maharage. Na kule Kimara nina uhakika dada yangu naye kasimama jikoni kwake anahangaika na kopo la bluu, anajaribu mifuniko yake mmoja mmoja, anamlaumu shemeji.

Tatizo hili halikuanza siku moja. Kwanza tulinunua seti, mimi mwenyewe nikiwepo, Kariakoo. Yule kijana machinga alijua kazi yake. Alichukua kopo akalibamiza chini, akalipanda kwa miguu yote miwili, akatia maji akalipindua juu ya kichwa cha mteja, halikuvuja hata tone. Saba kwa saba, kila moja linaingia ndani ya mwenzake, lote likawa kifurushi kimoja unakibeba kwapani. Nikaona hii ndiyo akili. Leo kati ya yale saba limebaki moja tu lenye mfuniko wake halali, nalo ni lile dogo kuliko yote, linaloingia nusu ya limau. Halijapotea kwa sababu halijawahi kuwa na kazi.

Halafu kuna yule mama anayepita mtaani na beseni kichwani, anabadilisha vyombo kwa nguo kuukuu. Suruali yangu ya kijivu, ya kitambaa, ile ya kwendea vikao vya harusi, niliiacha asubuhi kwenye kamba. Jioni narudi, suruali hakuna, mezani kuna bakuli la kijani. Nikauliza bakuli lenyewe mbona halina mfuniko. Nikaambiwa mfuniko ungehitaji na shati.

Sijazungumzia makopo ya bure, ambayo ndiyo yenye wingi. Kwangu hakitupwi kitu chenye kitako na ukingo. Ukifungua friza ukaona kopo la aiskrimu, usimwite mtoto. Ndani kuna dagaa, au bamia, au nazi iliyokunwa ya kusubiri wageni. Kopo la biskuti lina sindano, nyuzi na vifungo vya mashati ambayo hatuna tena. Kopo la Blue Band lina karafuu. Blue Band yenyewe imehamishiwa kwenye kibakuli cha kioo, eti ndiyo adabu ya mezani.

Ukilalamika, Mama Zawadi ana jibu la kiserikali. Anakuambia mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, sasa mgeni akiondoka na kiporo aondoke nacho mfukoni? Zamani, kweli, pilau lililobaki lilifungwa kwenye rambo, fundo moja, mgeni akaenda zake na habari ikaisha. Siku hizi mgeni anaondoka na kopo. Kopo linaondoka limefunikwa na sahani na kitenge, kwa sababu mfuniko wake haukuonekana kwa wakati. Mgeni akishapanda bajaji, mfuniko unajitokeza wenyewe juu ya friji.

Nikamwuliza binti yangu, maana yeye simu haimtoki mkononi, anitafutie ni nani hasa aliyetuletea biashara hii. Akaniambia ni Mmarekani mmoja, Earl Tupper, miaka ya 1940. Mfuniko wake unaobana hewa alipata wazo kutoka kwenye mfuniko wa kopo la rangi, akaugeuza. Mwaka 1958 akauza kampuni kwa dola milioni 16, akaachana na mkewe, akanunua kisiwa Amerika ya Kati, akaukana na uraia. Watu wanasema ni mambo ya kodi. Mimi nasema yule mzee alifungua kabati la jikoni kwake siku moja asubuhi. Na hiyo kampuni yenyewe, Septemba 2024, ikaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Sikushangaa. Mifuniko ilikuwa imewashinda.

Zawadi, ambaye anasoma sayansi na hataki nisahau, akanipindulia kopo. "Baba, ona hapa kitakoni." Kuna pembetatu ya mishale na namba 5 ndani yake. Hiyo, anasema, ni polipropilini, maji yanayochemka hayaitishi. Kisha akapindua mfuniko. Namba 4. Plastiki nyingine kabisa, laini, kwa sababu mfuniko usipopinda haubani. Kwa hiyo vitu hivi viwili vinauzwa pamoja, vinapigwa picha pamoja, lakini si damu moja. Sasa sisi hapa, mafuta ya pilau yakiganda, tunafanya nini? Birika, maji ya moto, mwaga juu ya vyote. Kopo linakaa kimya. Mfuniko unajikunja ukingoni, kidogo tu, huoni kwa macho, na tangu siku hiyo hautabana tena hata uukalie. Nimeukalia.

Na ile rangi nyekundu sabuni haiwezi, maana rangi ya nyanya inapenda mafuta, inapenya nayo ndani ya plastiki. Dawa yake ni jua. Mama Zawadi akaanika mifuniko juu ya ukuta wa uani, ikapangwa vizuri. Kunguru wa Dar es Salaam akashuka, akachagua mmoja, akaondoka nao. Sijui kunguru anafanyia nini mfuniko. Labda naye ana kopo.

Lakini njia kuu ya upotevu, nisidanganye, ni ujirani mwema. Mwezi wa Ramadhani unaingia, Mama Rukia wa nyumba ya pili analeta futari: muhogo wa nazi, siku nyingine tambi, siku nyingine kaimati za moto mpaka mfuniko unatoa machozi. Tunakula, tunashukuru, tunaosha kopo. Hapo sasa ndipo penye kazi. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, utaambiwa umelelewa wapi? Kwa hiyo kopo la Mama Rukia linakaa juu ya meza likisubiri tupike kitu cha maana. Leo tumepika dona na mchicha, si cha kumpelekea mtu. Kesho hivyo hivyo. Siku ya nne mtu anaweka vitunguu ndani yake, "kwa muda tu." Wiki ya pili linaingia kabatini. Ikifika Idi, la kwake liko kwetu, la kwetu liko kwake, na mifuniko imebaki kila mmoja kwao. Mwaka jana nilikwenda kwenye arobaini mtaa wa tatu, watu ambao hata majina hatufahamiani vizuri, nikapakuliwa kachumbari kutoka kwenye bakuli langu la kijani. Suruali yangu ile! Nililiangalia mpaka mama anayegawa akaniongezea kachumbari, akidhani sijatosheka.

Kuna alama, ndiyo. Kila mama ana alama yake kitakoni kwa rangi ya kucha. Wa kwangu anaandika MZ kwa nyekundu, Mama Rukia anatia nukta tatu za zambarau. Lakini wanatia alama kopo tu. Kopo lina hati miliki, mfuniko hauna hata barua ya mjumbe.

Sasa Jumapili iliyopita nikasema basi, leo napanga. Zawadi alikuwa amenionyesha video za majiko ya watu: mitungi ya kioo, mifuniko ya mbao, kila mtungi na kibandiko chake. Huu mchele, huu sukari, hizi dengu. Mtu mzima, uko ndani ya nyumba yako, unahitaji kuandikiwa kwamba huu ni mchele? Lakini kuna fundi mmoja humo alisema neno: makopo yaingizwe moja ndani ya jingine kwa ukubwa, mifuniko isimamishwe kando, wima, kwenye kichanja cha sahani, uione yote kwa jicho moja. Nikalikubali. Nikatoa kila kitu sakafuni. Mende mmoja akatoka kwenye kopo la tambi, akanitazama, akarudi ndani.

Nikaweka sheria moja tu: kopo lisilo na mfuniko na mfuniko usio na kopo, vyote kwenye kiroba, vijana wanaonunua plastiki kwa kilo wachukue.

"Hilo weka, la kupimia unga," akasema Mama Zawadi, ambaye hadi dakika ile alikuwa amelala.

Nikaweka.

"Na hilo ni la maji ya kuku."

"Kuku tuliwamaliza Krismasi, mama."

"Hatutafuga tena?"

Nikaweka. Mfuniko mkubwa wa duara, huo unafunika ndoo ya maji ya kunywa. Huu wa mraba unakatiwa limau. Huu wenye tundu ni wa mama mkwe, akija akaukosa tutajibu nini. Huu mwingine usiuguse, kopo lake liko kwa katibu wa vikoba, na katibu analeta mwisho wa mwezi. Mwezi gani hakusema. Kiroba changu mwishoni kikabaki na kitu kimoja, mfuniko uliopasuka katikati, nusu hapa nusu pale, na huo nilipewa kwa shingo upande. Asubuhi naingia bafuni kuoga, nusu moja iko chini ya sabuni. Nusu ya pili iko chini ya mguu wa meza ya jikoni, na sitakataa, meza haichezi tena.

Kinachonichoma zaidi ni lile kabati la sebuleni, lenye vioo. Humo kuna mabakuli ya udongo yenye ukingo wa dhahabu, yote yana mifuniko, kila mmoja na kishikio chake, yamepangwa yanamwangalia mgeni. Hakuna hata kimoja kilichopotea tangu tuoane. Ukitaka kujua siri ya utunzaji ule, jaribu kupakulia maharage humo, uone utakavyoitwa kwenye kikao cha familia.

Hata hivyo nilimaliza. Makopo yakaingiana, mifuniko ikasimama kwenye kichanja, mlango ukafungwa bila goti. Nikawaita wote waje waone. Zawadi akapiga picha. Siku zile zilizofuata nilikuwa nafungua kabati bila sababu.

Jumamosi Mama Zawadi akaenda sendofu ya mtoto wa shoga yake, Kinyerezi. Kwenye mkoba, nilimwona, aliweka kopo langu kubwa la kwanza, lile linalobeba mengine yote tumboni. Nikasema, hilo usichukue, nyumba nzima imesimama juu yake. Akasema anakwenda kusherehekea tu, hachukui kitu, kopo ni la tahadhari.

Saa tano usiku karudi. Kopo langu hakuna. Mkononi ana jingine, la rangi ya machungwa, refu, alama ya kitakoni siijui, halijawahi kukanyaga Tabata. Juu limefunikwa kwa mfuniko wa njano usiolifikia hata nusu, ukafungwa kwa foili, na foili ikafungwa kwa utepe wa keki. Harufu ya pilau ikaingia sebuleni kabla yake.

Nikauliza, kwa upole kabisa, lile letu liko wapi, na hili ni la nani.

Akafungua utepe. Nyama zilikuwa juu, kubwa kubwa, za mbuzi.

"Kula kwanza, Baba Zawadi."

Nikala kwanza.