Mwarobaini dhidi ya vijidudu na saratani: tuanze na vipimo

Dondoo ya majani ya mwarobaini, yaani kemikali zilizotolewa kwenye majani kwa kimiminika, ikitiwa kwenye sahani ya maabara yenye bakteria aina ya Staphylococcus aureus, mara nyingi bakteria hao huacha kukua. Seli za saratani nazo hufa. Hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye kiasi.

Tuseme bakteria wamezuiwa kwa miligramu 5 za dondoo katika kila mililita. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Ili ifikie ukali huo, gramu 25 za dondoo ziingie kwenye damu kwa mpigo, ini lisivunje hata chembe. Ikiwa majani makavu hutoa dondoo asilimia 10, hizo ni gramu 250 za majani! Ndiyo maana watafiti wengi huhesabu dondoo ghafi kuwa na nguvu dhidi ya bakteria ikifanya kazi chini ya mikrogramu 100 (miligramu 0.1) kwa mililita. Kwa seli za saratani, mikrogramu 20 hadi 30.

Hesabu hiyohiyo, hata hivyo, inautetea mwarobaini kwenye ngozi na kinywani, kwa kuwa huko dawa hukaa palepale ilipopakwa. Miligramu 5 hapo zinafikika.

Kwenye saratani, wanaoutetea wana hoja nzito kuliko wapinzani wanavyokiri. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kuwa nimbolaidi, kemikali ya mti huu, hujifunga kwenye protini RNF114 ndani ya seli za saratani ya matiti. Kujua inashika wapi kunazidi ripoti mia za “seli zimekufa”. (Hata kiyeyushi, yaani kimiminika kilichotumika kutoa dondoo, kinaweza kuua seli kikizidi; jaribio lisilo na sahani ya kiyeyushi pekee halithibitishi kitu.)

Tatizo ni kwamba nimbolaidi haiyeyuki vizuri kwenye maji. Maabara hutumia etanoli au methanoli, nyumbani majani huchemshwa. Matokeo ya dondoo ya kwanza hayamhusu anayekunywa ya pili.

Mafuta ya mbegu ni habari nyingine kabisa. Watoto wachanga walionyweshwa hata mililita 5 wametapika, wakalegea kwa usingizi, wakashikwa na degedege, wapo waliokufa. Asinyweshwe mtoto. Mjamzito naye asiyanywe.

Na mgonjwa aliye kwenye tibakemikali (dawa za kuua seli za saratani) amwambie daktari kila anachokunywa, kwa sababu ini linalovunja dawa zake ndilo litakaloibeba na hiyo dondoo.